Ua la Mbololo na Brashi ya Simu

Kikundi cha vijana wanaotunza kitalu cha miche hapa Voi kiliniletea kalenda nikichapie. Walikusudia kuiuza, na fedha zake zinunue tangi na mabomba ya maji. Kwenye jalada waliweka ua, na chini yake maneno "Fahari ya Taita". Walimaanisha ua la Saintpaulia la msitu wa Mbololo, ambalo kwa asili yake halimei popote pengine duniani. Picha ilikuwa imepitishwa kwenye programu ya simu inayoifanya ifanane na mchoro wa rangi za mafuta. Ungeapa kuna mtu aliyeketi na brashi mkononi, akivuta rangi nzito juu ya turubai. Ilipendeza. Lakini ua lenyewe lilikuwa la rangi ya waridi, petali zake tabaka juu ya tabaka, pembeni zimejikunja na kuzungukwa na ukingo mweupe. Hilo ni ua la chungu, matokeo ya wafanyabiashara wa maua wa Ulaya na Marekani kulichanganya na kulichagua kizazi baada ya kizazi. Lile la Mbololo ni dogo, la urujuani, lina petali tano, mbili za juu ndogo na tatu za chini kubwa zaidi, na katikati vifuko viwili vya manjano vyenye chavua.

Kalenda ilikuwa imepita mikononi mwa watu wengi kabla yangu, wakiwemo wazaliwa wa Ronge, chini ya mlima wenyewe, na hakuna aliyesema neno. Siwalaumu. Picha ikishavaa sura ya mchoro, macho hayaulizi tena kama ni kweli, yanauliza tu kama ni nzuri. Nimeishi na kazi ya picha tangu nilipomaliza shule, na jalada hilo limenirudishia mengi niliyoyaona kwenye studio, kwenye mashamba ya mkonge na huko juu misituni.

Studio niliyoanzia kazi ilikuwa hatua chache kutoka stesheni ya zamani ya reli. Picha za rangi zilikuwa zimeshafika, lakini mwenye studio alikuwa mzee aliyejifunza Mombasa enzi za nyeusi na nyeupe, na wateja wa makamo bado walimletea picha za wazazi wao azipake rangi kwa mkono. Ufundi huo ulikuwa kazi ya kawaida katika studio za pwani. Alikuwa na vichupa vya rangi, pamba iliyozungushwa kwenye kijiti, na brashi ya nywele chache ambayo mimi sikuruhusiwa kuigusa. Kabla hajalowesha pamba alimhoji mteja kwanza. Marehemu mama alikuwa mweupe au maji ya kunde? Leso hii ilikuwa nyekundu au ya zambarau? Alitaka kujua hata kama siku hiyo kulikuwa na jua. Mteja asipokumbuka, sehemu hiyo iliachwa bila rangi.

Siku moja akaja mfanyakazi wa reli na picha ya baba yake, mtu mwenye kovu juu ya nyusi. Akaomba kovu lifutwe ili mzee atoke vizuri. Mwenye studio alimjibu kwa upole, "Rangi nitampaka, mwanangu, lakini kovu ni lake. Wajukuu watamjuaje bila hilo?" Wakakubaliana. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na taulo la kufutia brashi, na tangu hapo nimeelewa kwamba mpaka rangi ana kazi mbili: kujua pa kugusa na kujua pa kuacha. Hiyo ya pili ndiyo inayochukua miaka.

Maua yalinijia kwa njia ya harusi. Maharusi wa Wundanyi na Mgange walipenda kusimama chini ya mjakaranda, au mbele ya uzio uliofunikwa na mmea wa kutambaa wenye maua ya buluu. Filamu ikishaoshwa, maua yale mara nyingi yalitoka na wekundu ambao hayakuwa nao, ilhali gauni na anga vimetoka sawasawa. Bibi harusi mmoja alishikilia kwamba tumempa picha za mtu mwingine. Sababu ya wekundu huo nilikuja kuisoma baadaye. Maua kadhaa ya buluu hurudisha pia mwanga mwekundu wa mwisho kabisa, ule ambao jicho la binadamu karibu halioni, lakini filamu ya rangi inauhisi. Watu wa filamu waliliita tatizo hilo kwa jina la ageratum, gugu lile lenye vishada vya buluu hafifu linalojaa kwenye mashamba yetu ya mahindi. Kamera za sasa zina kioo kinachozuia sehemu kubwa ya mwanga huo, na hata hivyo urujuani bado unazisumbua. Elekeza simu mbili kwenye ua moja, uone kama rangi zitalingana. Tangu enzi hizo nina desturi ya kuweka kipande cha karatasi ya kijivu kando ya ua kwa fremu ya kwanza, ili nikirudi nyumbani niwe na kitu cha kupimia rangi. Picha ya ua huanza kwenda mbali na ua lenyewe kabla hata mtu hajafikiria kuihariri.

Halafu ikaja kazi ya nyumba ya vioo. Mke wa meneja wa shamba moja la mkonge, katika bonde linaloelekea Taveta, alitaka kadi za kuwatumia jamaa zake ng'ambo. Nyumba yao ilijengwa na walowezi kabla ya Vita vya Pili vya Dunia: kuta nene za mawe, veranda pana, na nyuma chumba kirefu cha vioo cha kuwekea mimea. Huko Ulaya chumba cha namna hiyo hujengwa kuzuia baridi. Huku kilizuia upepo mkavu na vumbi jekundu la nyika. Vioo vya juu vilipakwa chokaa ili kupunguza ukali wa jua, na sakafu ya mawe ilimwagiwa maji asubuhi na jioni ili hewa isikauke. Kulikuwa na mikangaga, begonia, okidi zilizofungwa kwenye vipande vya magome, na kwenye rafu ya chini, mbali na jua, vyungu vya Saintpaulia.

Mpiga picha yeyote anayependa maua akiingia mahali kama pale hataki kutoka. Nje, jua la nyikani hukata kila kitu vipande viwili, kivuli cheusi na weupe usio na kitu ndani yake. Ndani ya vioo vilivyopakwa chokaa mwanga unatoka pande zote, hauna makali, na upepo haupo, kwa hiyo unaweza kuacha lenzi wazi sekunde nzima na petali isitikisike. Adui ni unyevu. Lenzi iliyotoka mahali penye baridi hufunikwa na ukungu mara moja, kwa hiyo kamera huachwa kwenye mkoba hadi ipate joto la chumba. Nilikuwa nikiufunga mkoba, nakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, natazama tu. Kungoja huko kulinifundisha maua kuliko lenzi ilivyonifundisha. Niliona kwamba jani la Saintpaulia limejaa vinyweleo vidogo vinavyoshika mwanga pembeni, na tone la maji likianguka juu yake halisambai mara moja. Niliona pia kwamba maua ya chungu kimoja hayazeeki pamoja.

Yule mama alitaka kadi zenye sura ya michoro ya zamani. Kompyuta haikuwepo. Tulifanya walivyofanya wapiga picha wengi kabla yetu: nilipaka mafuta ya mgando kwenye kioo kilichofungwa mbele ya lenzi, nikivuta kidole kutoka katikati kwenda ukingoni, na katikati nikaacha safi. Pembeni mwa picha mikangaga iliyeyuka, vyungu vikapoteza ukingo, mwanga ukatapakaa. Ua lenyewe likabaki na kila unywele wake. Wapiga picha wa Ulaya wa mwisho wa karne ya 19 walikwenda mbali kuliko hapo. Robert Demachy wa Ufaransa alitumia gundi na rangi kwenye karatasi, akasugua kwa brashi mpaka watu wakabishana kama hiyo bado ni picha. Tamaa ya kuifanya picha iwe mchoro haikuletwa na simu, na mimi siioni kuwa aibu. Kadi zile zilikuwa nzuri na nazipenda hadi leo.

Mzee wa bustani, Mtaita, ndiye aliyeniambia jambo ambalo sikufundishwa shuleni. Alikuwa akinyunyizia vyungu maji, akasema, "Kijana, haya yana ndugu zao Mbololo. Madogo, kwenye mawe, mahali jua halifiki. Hayajafunzwa kukaa kwenye chungu." Nilimuuliza mwenye nyumba kama anajua. Hakujua; alivyofahamu yeye, maua yake asili yake ni Ulaya.

Safari ya maua hayo ni ndefu. Mwaka 1892, Walter von Saint Paul, mtawala wa Kijerumani katika eneo la Usambara, upande wa pili wa mpaka kutoka kwetu, aliona ua hilo porini na mbegu zake zikafika kwa baba yake huko Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen huko Hannover, akaliandika kwa sayansi na kulipa jina la ukoo wa mtawala huyo. Wauzaji wa mbegu wakalisambaza, na kuanzia miaka ya 1920 wakulima wa maua wa California wakatoa aina mpya, kisha aina juu ya aina, mpaka likawa ua la dirishani kwa mamilioni ya watu. La kwetu lilichelewa kutambuliwa. B. L. Burtt, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Edinburgh, ndiye aliyeliandika mwaka 1958 kwa jina la Saintpaulia teitensis. Siku hizi wataalamu wa ukoo wa mimea wamelihamishia kwenye jenasi ya Streptocarpus, ila wapenzi wa maua wengi wanaendelea na jina la zamani. Kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini kutoweka limewekwa katika daraja la hatari kubwa kabisa. Tena milima yetu ndiyo ncha ya kaskazini ya mnyororo wa Tao la Mashariki unaoanza kusini mwa Tanzania, na kila mlima katika mnyororo huo umeishi peke yake muda mrefu kiasi cha kuwa na viumbe vyake wenyewe.

Taveta nako nilipelekwa na maua. Juu ya kilima kando ya barabara ya Voi kuna jumba jeupe la Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyetembea kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Cairo mwishoni mwa karne ya 19, kisha akamiliki ardhi kubwa huku. Alilijenga katika miaka ya 1930, juu ya mkonge wake, likitazama Kilimanjaro upande mmoja na Ziwa Jipe upande mwingine. Nilikwenda kwa ajili ya bogenvilia. Hapo nilitumia kila njia ya kulainisha picha niliyoijua, na nafsi yangu haikunisuta, kwa kuwa bogenvilia asili yake ni Amerika Kusini, imejaa kila mji wa Kenya, na sehemu yake yenye rangi ni majani tu yaliyozunguka ua dogo jeupe. Ukiifanya wingu la zambarau hujampotezea mtu chochote. Kilichonisumbua kilikuwa ukuta nyuma yake. Picha zikishalainishwa, jumba lile linakuwa ndoto: machweo, chokaa nyeupe, mlima wenye theluji. Huyo Grogan ndiye aliyewachapa hadharani vijana wa Kikuyu wavuta riksho mbele ya mahakama ya Nairobi mwaka 1907, na mkonge uliolipia kuta hizo ulikatwa na mikono ya watu wetu kwa ujira mdogo. Nikapiga na fremu nyingine zisizolainishwa hata kidogo, nyufa zikionekana. Nikiulizwa picha za jumba hilo natoa zote mbili.

Nairobi nilipata fursa ya kusimama mbele ya michoro ya mimea ya Joy Adamson katika Makumbusho ya Taifa. Wengi wanamjua kwa simba Elsa. Kabla ya simba alikuwa mchoraji wa maua. Alifika Kenya mwaka 1937, akaolewa na Peter Bally, mtaalamu wa mimea wa makumbusho yenyewe, na ilikuwa kwenye safari ya utafiti katika Milima ya Chyulu, jirani zetu hapa kaskazini-magharibi, ndipo alipoanza kuchora mimea kwa bidii. Alichora mamia. Mwaka 1947 chama cha kifalme cha kilimo cha bustani cha Uingereza kilimpa nishani ya dhahabu ya Grenfell kwa kazi hiyo.

Nilikaa mbele ya michoro hiyo muda mrefu kuliko mlinzi alivyopenda. Ilikuwa rangi kweli, mkono kweli, wala hakuna aliyejaribu kuificha brashi. Na bado mtaalamu wa mimea angeweza kuhesabu stameni, kuona jinsi jani linavyoshikana na shina, kujua kama ukingo wake una meno. Mchoraji alikuwa amekaa na mmea hai mbele yake, na karibu naye mtu wa kumwambia kipi kinautenganisha mmea huo na jamaa zake. Alipofifisha kitu, alififisha kisichohitajika. Nilimkumbuka mwalimu wangu wa Voi na kovu la yule baba. Brashi haikuwa imewahi kuwa adui wa ukweli. Ilitegemea tu kama mwenye kuishika anajua anachokitazama.

Mbololo kwenyewe nilipanda baadaye sana kuliko nilivyotamani, na kijana wa Ronge aliyekuwa akiwasaidia watafiti. Kutoka Voi, penye joto na mwinuko wa kama mita 600, unaona ule mgongo mrefu uliojitenga na milima mingine ya Taita kwa bonde la Paranga, ukipita mita 1,700 kileleni. Msitu wa asili uliobaki juu yake ni kama hekta 200 hivi, na huo ni miongoni mwa vipande vikubwa tulivyo navyo. Pepo za Bahari ya Hindi zinaugonga mlima, zinapanda, zinapoa na kuwa ukungu. Ndiyo maana kuna ua linalopenda unyevu juu ya nyika ambayo ndovu wanachimba mchanga kutafuta maji. Kijana alinieleza pia habari za fighi, vichaka vitakatifu ambavyo wazee walikataza visikatwe, na jinsi katazo hilo lilivyookoa miti ambayo sheria za serikali zilichelewa kuiokoa.

Ua tulilikuta kwenye uso wa mwamba, kivulini, mizizi yake ikishikilia kuvumwani na udongo usiojaza kiganja. Lilikuwa dogo kuliko nilivyolifikiria. Nilitandaza stendi chini kabisa, nikaweka karatasi yangu ya kijivu, nikapiga bila mwako wa flashi, maana flashi huua umbo la vinyweleo na kulifanya jani ling'ae kana kwamba limepakwa mafuta. Kijana alinisihi mambo mawili: nisikanyage kuvumwani, na nikishuka nifute kwenye picha alama ya mahali. Simu na kamera nyingi za leo huandika ndani ya faili nukta ya ramani ulipopigia, na wapo wakusanyaji wanaosoma nukta hizo kisha wanakuja na mwiko na mfuko. Mmea wenye makazi ya mlima mmoja hauwezi kuvumilia wageni wa aina hiyo. Faili zote za siku ile nimeziondolea alama.

Nirudi kwenye ile programu ya simu iliyotengeneza jalada la kalenda. Mwaka 2015 watafiti watatu wa Tübingen, Ujerumani, wakiongozwa na Leon Gatys, walionyesha jinsi kompyuta inavyoweza kuchukua mtindo wa mchoro mmoja na kuuvisha picha nyingine. Mwaka uliofuata programu ya Prisma ikaufikisha mtindo huo kwenye simu za watu wote. Lakini kuna njia kongwe zaidi, na ndiyo nyepesi kuieleza. Mwaka 1976 Mjapani Kuwahara na wenzake walikuwa wakisafisha picha za kitabibu za moyo zilizojaa chembechembe. Mbinu yao huizunguka kila nukta ya picha kwa dirisha dogo, hulikata dirisha hilo robo nne, hutafuta robo ambayo rangi zake zimetofautiana kidogo kuliko zote, kisha huipa nukta wastani wa robo hiyo. Kingo kubwa hubaki, chembe ndogo hufa, na sehemu zilizobaki huonekana kama mapigo ya brashi. Baadaye watu wakagundua kwamba matokeo yake yanapendeza, na mbinu iliyobuniwa kwa ajili ya moyo ikaingia kwenye kazi ya sanaa.

Nilipoipitisha picha yangu ya Mbololo kwenye mbinu ya namna hiyo, petali zilibaki nzuri, na jani likawa nyororo kabisa. Vinyweleo vyote vilikwenda. Unywele ni mwembamba kuliko dirisha, kwa hiyo kwa hesabu ya mashine huo ni uchafu. Vile vifuko viwili vya manjano viligeuka doa moja. Niliweka kando yake picha ya ua la chungu iliyopita njia hiyohiyo, na zile tofauti ambazo wataalamu huzitumia kuyatenganisha zilikuwa zimekwisha. Joy Adamson na mashine hii wote wanarahisisha. Yeye alijua unywele ni nini.

Haya yote niliwaeleza vijana wa kalenda, nikawawekea mezani picha ya asili, ile ya brashi, na lile jalada lao. Aliyenijibu alikuwa binti wa kikundi, ndiye anayeshughulikia kurasa. "Mzee, picha yako ya asili nimeipenda, lakini haiuziki. Mtu wa Mombasa akiiona ukutani ataona jani na jiwe. Hii ya brashi atainunua, na sisi tutapata maji ya miche." Ana haki, na sikumbishia hapo. Watu wanataka uzuri kwenye kuta zao, na msitu unahitaji fedha za watu hao.

Kwa hiyo tukakaa pamoja kwenye kompyuta yangu. Nilimwonyesha jinsi ya kuweka picha mbili, ya asili chini na ya brashi juu, kisha kufuta ya juu polepole kwa kidole mahali anapotaka ya chini ionekane. Kabla hajafuta chochote nilimtaka aniambie sehemu za ua moja moja, zipi zinalitambulisha. Aliniuliza maswali magumu, mengine nikampigia simu kijana wa Ronge atujibu. Mwishowe jalada likawa hivi: mwamba, kuvumwani na kivuli vyote ni viboko vizito vya rangi, petali tano, vifuko viwili na majani mawili ya mbele vimebaki kama lenzi ilivyoviona. Jina la kisayansi liko chini, na kwenye ukurasa wa nyuma kuna picha ile ile bila kuguswa, ndogo, kwa anayetaka kulinganisha. Mahali hapakutajwa zaidi ya jina la mlima.

Ukurasa wa Novemba bado tunaubishania. Ni picha ya mgongo wa Mbololo kutoka mbali, na kwenye ukingo wa msitu kuna mistari ya mikaratusi na misonobari iliyopandwa baada ya miti ya asili kukatwa. Binti aliivisha brashi yote, na brashi ikaunganisha mikaratusi na msitu vikawa kijani kimoja kinene kutoka chini hadi juu. Yeye anasema kalenda ni ya kuwapa watu moyo. Mimi nasema mnunuzi ataamini msitu haujapungua, na atashangaa kwa nini vijana wanamwomba fedha za miche. Jana amenitumia jaribio jingine: mikaratusi ameiacha wazi na mistari yake iliyonyooka, brashi ameiweka kwenye ukungu na anga peke yake. Nimemwomba aivute brashi nyuma kidogo upande wa kushoto, pale ukungu unapogusa miti ya asili, halafu tutazungumza na wenzake kabla sijawasha mashine ya kuchapa.